Mjuzi wa Majengo Mlangoni mwa Kadhi (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza jinsi halmashauri zetu zilivyomwacha mkandarasi na kushika utaratibu ule ambao kila mtu, tangu mkurugenzi hadi mbeba zege, huuita fosi akaunti, ambapo serikali hununua saruji, nondo na mabati yenyewe na kazi hupewa mafundi wa hapo hapo kijijini. Na tukazieleza kamati zake tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, ambazo wajumbe wake ni walimu na wazazi. Sirudii hayo. Kilichonihimiza kuishika kalamu tena ni ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambayo kila mwaka, ikishawekwa mezani Bungeni mwezi wa Aprili, huyarudisha magazetini mambo yale yale: majengo ya umma yaliyoanzwa yasimalizike, yaliyomalizika yasitumike, na yaliyotumika yakaanza kupasuka rangi haijakauka sawasawa.

Wengi wakisoma habari hizo huliona jambo moja tu, nalo ni wizi. Wizi upo, wala sitamtetea mtu aliyekula mali ya umma. Lakini mimi, ambaye kwa miaka mingi nimekusanya habari za majengo na wajenzi wake kwa shauku kubwa, nashikilia kwamba kabla mwizi hajafika kuna pengo lililomfungulia njia, na pengo hilo ni kukosekana mjuzi. Jengo huharibika siku ile msingi unapochimbwa pasipo mtu wa kuusoma udongo. Mwizi huja baadaye, akakuta hakuna awezaye kumwuliza nondo zimekwenda wapi, kwa sababu hakuna ajuaye kama nguzo ile ilistahili nondo nne au sita. Rai yangu, basi, ni kwamba kila halmashauri iwe na wabunifu majengo, wahandisi na wakadiriaji majenzi waliosajiliwa, waliofungamana nayo kwa mkataba wa muda maalumu, wasioketi ofisini mwake kila siku wakilipwa mshahara, bali walio tayari kuitwa kila haja inapozuka, na kulipwa kwa kila wito walioitikia.

Wako watakaosema kwamba desturi hiyo ni ya Wazungu na ya nchi tajiri. Sivyo hata kidogo, na hapa msomaji aniruhusu nikae kidogo.

Katika mji wa Tunis, mwanzoni mwa karne ya 14, alikuwako kadhi aliyeitwa Ibn Abd al-Rafi, na miongoni mwa watu aliowategemea katika hukumu zake alikuwamo muashi mmoja ajulikanaye kwa jina la Ibn al-Rami. Hakuwa faqihi wa kukaa na vitabu tu; alikuwa mjenzi, mtu wa chokaa na timazi. Kila ilipozuka kesi ya ukuta ulioinamia nyumba ya jirani, au mfereji wa maji machafu uliopita mahali pasipo haki, au dirisha lililofunguliwa likavunja sitara ya watu wa pili, au kibaraza kilichoipunguza njia ya wapitao, kadhi hakuamua kwa kusikiliza maneno ya wadai peke yake, bali alimtuma mjuzi huyo aende akatazame kwa macho, apime, arudi, atoe habari; na hukumu ilijengwa juu ya habari ile. Hatimaye Ibn al-Rami akayakusanya maarifa yake katika kitabu kilichoitwa *Al-I'lan bi-ahkam al-bunyan*, ambamo kauli za mafaqihi wa madhehebu ya Maliki zimewekwa bega kwa bega na yale aliyoyashuhudia yeye mwenyewe katika vichochoro vya Tunis. Ibn Khaldun, aliyezaliwa katika mji huo huo mwaka 1332, naye katika *Muqaddima* yake ameitengea kazi ya ujenzi mlango wake, na humo ametaja jinsi wenye mamlaka wanavyowahitaji wajuzi wa ujenzi watu wanapogombania kuta na njia za maji, kwa kuwa mambo hayo hayabainiki ila kwa aliye stadi wa kazi yenyewe.

Tazama, msomaji, jinsi jambo hilo lilivyo la insafu. Kadhi alikuwa mwanachuoni mkubwa, tena mwenye amri, na juu ya hayo yote alikiri kwamba elimu ya ukuta i kwa mwingine. Laiti wakubwa wetu wote wangekuwa na unyenyekevu huo.

Wala Tunis haikuwa mbali nasi kama ramani inavyodhania. Ibn Battuta, aliyefika mji huo mwaka 1325 na kutoka humo na msafara wa mahujaji hali amefanywa kadhi wao, ndiye aliyetia nanga Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyesifika kwa ukarimu hata akaitwa Abu al-Mawahib. Huyo ndiye ambaye jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya mia na birika lake la pembe nane juu ya jabali linaloitazama bahari, linahusishwa na zama zake. Mastadi walioyajenga majengo yale walijua kwamba tumbawe likitolewa baharini lingali laini huchongeka kama mtu apendavyo, na likikaa juani hukaza. Walijua kuichoma chokaa na kuiacha ikomae. Na walijua mpaka wa boriti. Nyumba za mawe za pwani yetu zina vyumba vyembamba, aghalabu visivyozidi mita tatu kwa upana, kwa kuwa boriti ya mkoko haichukui uzito wa dari ya mawe ukizidi hapo. Na aliyetaka upana zaidi alilazimika kuweka nguzo au kupiga kuba. Mtu mwenye fedha angeweza kuamuru chumba cha mita sita, lakini fundi angemwambia la, na mwenye fedha angetii.

Hata hivyo ustadi ukikosa mwangalizi hauokoi. Tarihi ya Kilwa yasimulia kwamba msikiti mkuu, ambao sultani huyo aliupanua kwa nguzo za jiwe, ulikuja kuanguka, likasalia kuba ambalo sultani alikuwa akisali chini yake, na watu kwa miaka mingi wakawa wanaswali katika vibanda na mahema, mpaka katika nusu ya kwanza ya karne ya 15, zama za Sultani Sulaiman, ulipoinuliwa upya. Vizazi vilivyoswali nje karibu na magofu ya msikiti wao havitofautiani na watoto wetu wanaosoma chini ya mwembe mbele ya boma la darasa lililoishia kwenye mkanda, ambalo wazee wao walilijenga kwa jasho la msaragambo wakaambiwa wasubiri bati.

Waturuki walikwenda mbele zaidi. Dola ya Uthmaniyya ilikuwa na jamii maalumu ya wabunifu majengo wa serikali, na mkuu wao tangu mwaka 1539 hadi kufa kwake mwaka 1588 alikuwa Sinan, aliyejenga msikiti wa Suleymaniye huko Istanbul na ule wa Selimiye huko Edirne. Lakini mimi simtaji kwa ajili ya kuba zake, maana hizo kila mtu amezisifu. Namtaja kwa sababu chini ya mamlaka hiyo miji ya majimbo nayo ilikuwa na wabunifu wake, waliotazama ramani, wakapima, wakakadiria gharama na kuzuia ujenzi wa hatari. Na hapa kwetu, Unguja ya Waingereza ilikuwa na afisa wa serikali John Sinclair, ambaye majengo kadhaa ya umma ya mji ule, pamoja na Beit al-Amani la mwaka 1925, ni ya kalamu yake. Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka upande wake mmoja tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, watu wawili wakafa. Ikadhihirika kwamba hata jengo la fahari, likizeeka, lahitaji jicho la mjuzi kila siku.

Basi sisi tumefanya nini? Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na zilirudi na madiwani na makatibu kabla ya kurudi na wahandisi. Mwaka 1997 zikatungwa sheria za kuwasajili wahandisi, wabunifu majengo, wakadiriaji na makandarasi, na ile ya wabunifu na wakadiriaji ikatungwa upya mwaka 2010. Kwa hiyo wajuzi wapo, majina yao yamo katika daftari za bodi, vyuo vyetu vinawatoa kila mwaka, na wengine wao wanakaa Dar es Salaam wakitafuta kazi. Ilipofika mwaka 2021, kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa kwa ajili ya UVIKO-19, Serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa miezi michache, kila moja kwa shilingi milioni 20. Kwa watoto ilikuwa neema kubwa, nami naishukuru. Lakini milioni 20 zilikuwa zile zile, darasa likiwa juu ya mwamba au juu ya udongo wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Na sisi tunaokaa Kerenge, chini ya milima ya Usambara, ambako maji yote ya milimani hutushukia, twajua kwamba ardhi ya hatua mia moja si ardhi moja. Mvua za Oktoba 2019, zilizoua watu Handeni na kukata barabara ya kwenda Korogwe, zilikuwa onyo tosha.

Katika shule moja ambako niliwahi kuwa mjumbe wa kamati ya mapokezi, mhandisi alifika kwa mara ya kwanza mkanda umekwisha mwagwa. Aliligonga zege, akanyamaza kitambo, kisha akatia sahihi, kwa kuwa Januari ilikaribia na wanafunzi walikuwa wakisubiri. Simlaumu, alikuwa na kata nyingi na gari moja. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilipowaangukia watu Kariakoo na kuua zaidi ya 20, wote tuliuliza mkaguzi alikuwa wapi. Kwa nini tusiulize hivyo hivyo kabla ya kumwaga jamvi la darasa la kijijini?

Utaratibu wenyewe ni sahala. Halmashauri za Korogwe na Handeni, za wilaya na za miji, zinaweza kushirikiana kuchagua wajuzi wachache kwa mkataba wa miaka mitatu, kupitia mfumo wa ununuzi wa NeST uliokwishapo. Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini huingia mikataba ya namna hiyo kwa karatasi, matairi na huduma nyingine za kawaida, ambazo taasisi huziagiza kila zinapozihitaji. Seuze elimu, ambayo ikikosekana huua. Mjuzi aitwe mara nne: kabla ya msingi kuchimbwa, nondo zikishafungwa kabla ya zege, kabla ya kupaua, na siku ya makabidhiano, na pasipo sahihi yake malipo yasitoke. Asiwe muuza saruji, wala jamaa wa muuza saruji. Na asichaguliwe kwa urahisi wa bei: Wamarekani, kwa sheria ya Brooks ya mwaka 1972, huwapanga kwanza wabunifu na wahandisi wa kazi za serikali kuu kwa ustadi wao, kisha ndipo wakazungumza bei na aliye bora, nao ni watu wanaoijua thamani ya fedha kuliko wengi. Fundi wetu wa kijijini naye asidharauliwe, kwani mkono wake ndio ujengao. Apate tu wa kumwongoza, na kazi yake itamletea heshima badala ya lawama.

Atakayesema kwamba fedha za kumlipa mjuzi hazipo, na ayahesabu maboma ya kata yake, aweke kando ya kila boma gharama ya saruji iliyokwisha kulala humo.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na makisio ya halmashauri hupita katika Baraza la Madiwani miezi kadhaa kabla ya hapo. Namwomba diwani wetu wa Kerenge, na madiwani wenziwe wa Korogwe na Handeni, waitie safari hii kasma ya wajuzi wa majengo katika makisio hayo, wasikubali iondolewe. Na wazazi wenye watoto katika shule zetu wahudhurie mkutano wa kijiji ujao na kuuliza ni nani aliyeupima udongo.