Mteremko wa Paa: Pima Kabla ya Kununua Mabati

Paa jipya linapovuja mvua za kwanza za Machi, lawama humwendea fundi, au misumari, au mabati. Jambo moja husahaulika: mteremko wa paa lenyewe. Mabati mazuri yaliyopigiliwa vizuri yanaweza kuvuja ikiwa paa limelala mno, kwa sababu maji yanayoteremka polepole hupata nafasi ya kupenya kwenye maungio, hasa yakisukumwa na upepo.

Katika Kaunti ya Kilifi, ambako nyumba za makuti, mabati na vigae huweza kuonekana katika mtaa mmoja, suala hili linamhusu kila anayejenga. Kila aina ya ezeko ina mteremko unaoifaa, na mteremko huamuliwa kabla ya mbao kukatwa. Kuurekebisha baadaye ni kuezua na kuanza upya.

Mteremko ni nini?

Mteremko hutokana na vipimo viwili: paa limepanda kiasi gani kwenda juu, na limeenda umbali gani kwa mlalo. Chukua nyumba yenye upana wa mita 8, mgongo wa paa ukiwa katikati. Kutoka ukutani hadi usawa wa mgongo ni mita 4 za mlalo. Mgongo ukiinuka mita 1 juu ya ukuta, mteremko ni 1 kwa 4. Ukiinuka mita 2, ni 1 kwa 2.

Mteremko huohuo unaweza kuandikwa kwa uwiano, kwa asilimia au kwa nyuzi, yaani digrii. Mteremko wa 1 kwa 4 ni asilimia 25, lakini ni nyuzi 14. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Asilimia 30 ni takriban nyuzi 17 tu, na asilimia 100 ni nyuzi 45. Mwenye nyumba akisema "thelathini" bila kutaja ni asilimia au nyuzi, fundi anaweza kumjengea paa tofauti kabisa na alilokusudia.

Jinsi ya kupima

Si lazima kupanda juu ya paa, na ni hatari kufanya hivyo bila vifaa vya usalama. Kipimo huchukuliwa kutoka ndani, mahali ambapo mbao za paa zinaonekana. Kinachohitajika ni pima maji yenye urefu wa mita 1 na futi ya kupimia. Pima maji fupi inaweza kuwekwa juu ya ubao ulionyooka wa mita 1.

1. Tafuta kombamoyo, yaani ubao uliolala mshazari kutoka ukutani hadi kwenye mgongo wa paa.
2. Gusisha ncha moja ya pima maji kwenye upande wa chini wa kombamoyo. Ncha ya pili ielekee upande wa mgongo.
3. Sawazisha pima maji hadi kiputo kitulie katikati.
4. Kutoka ncha ya pili, pima wima kwenda juu hadi kwenye kombamoyo.

Linganisha kipimo ulichopata na orodha hii:

Sentimita 9: nyuzi 5
Sentimita 18: nyuzi 10
Sentimita 27: nyuzi 15
Sentimita 36: nyuzi 20
Sentimita 47: nyuzi 25
Sentimita 58: nyuzi 30
Sentimita 100: nyuzi 45

Kila ezeko na mteremko wake

Mabati ya mawimbi kwa kawaida huhitaji nyuzi 10 au zaidi. Kadiri paa linavyolala, ndivyo bati la juu linavyopaswa kulilalia la chini kwa urefu zaidi. Kila kiwanda huwa na kiwango chake cha chini, hivyo mnunuzi aulize dukani kabla ya kulipa.

Vigae vingi huhitaji nyuzi 20 hadi 30 kulingana na umbo lake. Aidha, vigae vya saruji huweza kufikia kilo 40 au zaidi kwa kila mita moja ya mraba, ilhali mabati mepesi hayafiki kilo 5. Paa lililojengwa kwa ajili ya mabati halifai kubebeshwa vigae kabla ya mhandisi kulikagua.

Makuti hutaka mwinuko mkubwa zaidi, takriban nyuzi 45, ili maji yakimbie kabla ya kuyalowesha hadi ndani. Makuti yaliyolazwa hukawia kukauka, huoza mapema na kuvuja.

Nyumba za kisasa ambazo mabati yake yamefichwa nyuma ya ukuta zinahitaji uangalifu zaidi. Mteremko wake huwa mdogo, na majani yakiziba mfereji wa ndani, maji hayana pa kwenda ila ndani ya nyumba.

Upepo, gharama na maji

Upepo unapopita juu ya paa lililolala, hulivuta kwenda juu. Kwa hiyo paa la mteremko mdogo linahitaji kufungwa imara zaidi ukutani kwa tepe za chuma au waya nene.

Kwa upande mwingine, paa lililosimama sana hugharimu zaidi. Nyumba ya mita 8 kwa 10 yenye paa la pande mbili huhitaji takriban mita za mraba 83 za ezeko kwa nyuzi 15, mita 92 kwa nyuzi 30, na mita 113 kwa nyuzi 45. Hapo bado hujahesabu upenu na sehemu za mabati zinazolaliana.

Hata hivyo, paa refu halivuni maji zaidi. Kinachohesabiwa ni eneo ambalo paa linafunika ardhini. Milimita 10 za mvua juu ya nyumba hiyo ya mita za mraba 80 ni takriban lita 800, mteremko uwe wowote, kabla ya kutoa yanayopotea njiani.

Kabla ya kuanza ujenzi

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka anayejenga kupata kibali cha kaunti kwanza. Kwenye ramani ya nyumba, mteremko huonekana katika mchoro wa mkato, yaani ule unaoonyesha nyumba kana kwamba imepasuliwa katikati.

Wakazi wanahimizwa kumuuliza fundi maswali matatu kabla mbao hazijakatwa: Mteremko ni nyuzi ngapi? Je, unatosha kwa ezeko tulilochagua? Paa litafungwa vipi ukutani? Majibu yaandikwe kwenye makubaliano, na kipimo kichukuliwe makombamoyo mawili ya kwanza yanaposimamishwa. Wakati huo, kosa linaweza kurekebishwa kabla ya bati hata moja kupigiliwa.