Mtume Mtoto Sokoni, Umfunze Kompyuta

Mzazi, huenda umemwona mwanao aliye sekondari au chuoni akikaa na wenzake mbele ya kompyuta, wakirusha dadu zisizoshikika. Usikimbilie kugomba. Hiyo ni michezo ya mezani iliyohamishiwa kwenye kioo, na ndani yake mna somo la kumfaa maishani.

Programu mojawapo ya michezo hiyo ni MapTool, nayo hutolewa bure. Ina lugha yake ndogo ya makro, yaani maagizo mafupi ambayo mchezaji huyaandika mwenyewe ili kompyuta imfanyie hesabu. Agizo linalotumika mara kwa mara huandikishwa kwa neno defineFunction na kupewa jina. Hapo huitwa funksheni. Kinachowatoa jasho wanaoanza ni namna ya kuikabidhi funksheni vitu vya kufanyia kazi.

Kwanza Kibuye

Wewe mkazi wa Kisumu waweza kulifunza jambo hili bila kugusa kompyuta. Mtume mtoto soko la Kibuye: leo omena gorogoro moja, kesho nyanya tano. Kazi ni ile ile, kununua. Kinachobadilika ni bidhaa na kiasi. Hivyo vinavyobadilika ndivyo huitwa agyumenti. Mzigo anaorudi nao ndio jibu, ambalo katika MapTool huwekwa kwenye macro.return.

Sasa twende ziwani

Tuseme vijana wametunga mchezo wa mtumbwi unaotoka Dunga kwenda Kendu Bay. Mtumbwi una nguvu 12, na dadu imeleta wimbi la 5. Wanaandika safari(12, 5). Ndani ya funksheni, nguvu husomwa kwa arg(0) na wimbi kwa arg(1), kwa maana hapa kuhesabu huanzia sifuri. Funksheni yatoa wimbi katika nguvu, inabaki 7. Mtumbwi umefika.

Je, wakiandika safari(5, 12)? Jibu ni hasi 7, na mtumbwi umezama! Kompyuta haitalalamika, kwani haijui nguvu wala wimbi. Inajua cha kwanza na cha pili tu. Tena afadhali hapo kosa limeonekana. Ingekuwa ni kuzidisha, kama kilo 3 za mbuta kwa bei ya kilo moja, ungegeuza mpangilio na jibu lingebaki lile lile. Kosa lingejificha hadi siku hesabu itakapobadilishwa.

Kisha kuna gugumaji, ambalo tangu miaka ya 1990 limewasumbua wavuvi wa Ghuba ya Winam. Siku moja limeziba njia, siku nyingine upepo umelisukuma kwingine. Vijana wakitaka kulihesabu, wataandika safari(12, 5, 4), na nguvu itabaki 3. Siku lisipokuwapo, agyumenti ni mbili tu. Funksheni ikidai arg(2) mchezo utakwama. Dawa ni kuuliza kwanza kwa argCount() imepewa vitu vingapi.

Jambo la mwisho: mtoto aliyefika Kibuye haoni jikoni mwako. Hajui chumvi imekwisha ikiwa hukumwambia. Vivyo hivyo, kwa kawaida funksheni haioni hesabu zilizo katika makro iliyoiita. Inachohitaji, ikabidhi.

Jaribuni nyumbani

Jumapili hii, kalamu na karatasi zatosha. Mmoja awe funksheni, akae chumba cha pili. Wengine wampelekee vikaratasi vyenye namba tupu, naye arudishe jibu. Kisha geuzeni mpangilio, punguzeni kikaratasi kimoja, mwone kitakachotokea.

Na wewe mwanafunzi, jibu likija kombo usiilaani kompyuta. Mjumbe hauawi. Kagua kwanza ulimpa nini, na kwa mpangilio gani.