Mbegu ya mchikichi: mama unamwona, baba humjui



Wengi wetu tumekua tukila mawese. Uwe umetoka Fizi, Uvira au Rumonge, au uwe jirani yetu wa hapa Kigoma, unaijua rangi yake kwenye maharage na kwenye sombe. Wapo wanaoweka mbegu za chikichi (wengine tunaita ngazi) wakitegemea kuzipanda siku watakaporudi nyumbani. Makala hii ni kwa ajili yao, na pia ni kwa kila mama na baba anayepikia watoto mawese. Tutaeleza mambo mawili: jinsi mti unavyorithi uzito wa mafuta yake, na jinsi ubora wa mafuta unavyotunzwa au kupotezwa.

AINA TATU ZA MCHIKICHI

Ukikata tunda la chikichi katikati utaona nyama ya rangi ya machungwa, kisha kaka gumu, kisha kiini cha ndani (mise). Mawese hutoka kwenye nyama. Kwa hiyo kaka likiwa nene, nyama ni kidogo na mafuta ni machache.

1. Dura: kaka ni nene. Hii ndiyo michikichi mingi ya zamani ya vijijini.
2. Tenera: kaka ni jembamba na nyama ni nyingi. Hutoa mafuta zaidi ya dura kwa karibu asilimia 30.
3. Pisifera: haina kaka. Ungedhani ndiyo bora kuliko zote, lakini mara nyingi mikungu yake huoza kabla ya kukomaa. Mti unakua vizuri, unatoa maua, lakini huvuni kitu.

UGUNDUZI WA YANGAMBI

Kwa miaka mingi watu walishangaa: unapanda mbegu za tenera, inaota mchanganyiko. Jibu lilipatikana Kongo, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Yangambi, kando ya mto Kongo karibu na Kisangani. Mwaka 1941 watafiti wawili, Beirnaert na Vanderweyen, walichapisha matokeo ya kuzalisha michikichi kwa kuchagua baba na mama.

Waligundua kwamba unene wa kaka unaongozwa na jeni moja, yaani chembe moja ya urithi. Kila mti una nusu mbili za jeni hiyo: moja ya baba na moja ya mama. Dura ina nusu mbili za «kaka nene». Pisifera ina nusu mbili za «bila kaka». Tenera ina moja ya kila aina, ndiyo maana kaka lake ni la katikati.

Sasa fanya hesabu:

- Dura kwa pisifera: watoto wote ni tenera.
- Tenera kwa dura: nusu tenera, nusu dura.
- Tenera kwa tenera: kwa kila miche 100, karibu 50 ni tenera, 25 ni dura na 25 ni pisifera.

Ugunduzi huu ulibadilisha kilimo cha michikichi duniani. Michikichi ya dura ya Indonesia na Malaysia ilitokana na miche 4 iliyopandwa Bogor mwaka 1848. Baada ya kazi ya Yangambi, mashamba ya huko yalihamia kwenye tenera. Mwaka 2013 watafiti wa Malaysia na Marekani walitangaza kwamba wameipata jeni yenyewe, na leo mche unaweza kupimwa kwa kipande cha jani kabla ya kupelekwa shambani.

USIDANGANYWE NA KAKA

Muuzaji sokoni anaweza kukuvunjia chikichi, akakuonyesha kaka jembamba na kusema: «Hii ni tenera, panda.» Huenda hakudanganyi. Lakini kaka unaloliona ni sehemu ya mti mama. Linakueleza mama ni nani, halikuelezi mtoto aliyemo ndani atakuwa nani. Chavua ya baba ililetwa na wadudu au upepo, na hakuna aliyeona ilitoka mti gani.

Kama majirani wote wa mti huo ni tenera, karibu robo ya mbegu zako zitakuwa pisifera. Utapalilia na kulinda kwa miaka mitatu au minne, ndipo ujue kwamba mti huo hauzai. Kwa familia inayoanza upya na kipande kidogo cha ardhi, hiyo ni hasara kubwa.

Mbegu ya kuaminika hutengenezwa hivi: ua jike la dura hufunikwa kwa mfuko lisiguswe na chavua yoyote, kisha hupewa chavua ya pisifera kwa mkono. Hapa mkoani Kigoma kazi ya mbegu za tenera hufanywa na kituo cha TARI Kihinga. Mahali popote utakapokwenda, ulizia mbegu kwenye kituo cha utafiti au kwa afisa kilimo.

WINGI SI UBORA

Jeni ya kaka huongeza wingi wa mafuta tu. Ubora una mambo yake.

Ukali: Ndani ya nyama ya chikichi kuna kimeng'enya kinachovunja mafuta mara tunda linapopondeka au kukaa sana baada ya kukatwa. Hapo mawese huwa makali na hukwaruza koo. Mwaka 2013 watafiti walitambua jeni inayotengeneza kimeng'enya hicho, na wazalishaji wa mbegu wanaweza kuchagua michikichi yenye kimeng'enya kidogo. Wewe huhitaji kungoja mbegu hizo. Chemsha chikichi mapema baada ya kuvuna. Joto huzuia kimeng'enya kufanya kazi.

Kuganda: Karibu nusu ya mawese ni mafuta mazito, ndiyo maana huganda asubuhi ya baridi. Hayajaharibika. Huko Amerika ya Kati na Kusini kuna ndugu wa mchikichi ambaye mafuta yake ni mepesi zaidi, lakini huzaa kidogo. Watafiti wamewazalisha pamoja, na machotara hao wanalimwa nchi kama Kolombia na Ekwado.

Rangi: Wekundu wa mawese ni karotini, ambayo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Kilo moja ya mawese mekundu huwa na miligramu 500 hadi 700 za karotini. Vitamini A hulinda macho na humsaidia mtoto kupambana na magonjwa kama surua na kuhara.

JIKONI KWAKO

- Usiyachome mawese mpaka yawe meupe. Wengi hufanya hivyo kuondoa harufu, lakini rangi ikipotea, karotini nayo imepotea. Yatie kwenye chakula karibu na kuiva.
- Hifadhi mafuta kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua. Mafuta ya mgao pia: kwa kawaida huongezwa vitamini A kiwandani, na mwanga huiharibu.
- Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama peke yake. Akifikisha miezi 6, kijiko kidogo cha mawese kwenye uji au viazi vilivyopondwa kinamfaa.
- Mawese hayachukui nafasi ya matone ya vitamini A. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 apelekwe kupata matone kila yanapotolewa.
- Mtoto akijikwaa jioni wakati wenzake wanaona vizuri, au jicho lake likiwa kavu au lina doa jeupe, usimtibu kwa mafuta nyumbani. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Upofu huu huzuilika, lakini hausubiri.

Na wewe mwenye mbegu kwenye kopo, usizitupe. Kama zilitoka kijiji chenye dura tu, zitaota dura: mafuta machache kiasi, lakini utavuna. Kama zilitoka shamba la tenera, sasa unajua hatari yake. Na siku utakaponunua mbegu mpya, muulize muuzaji maswali mawili: mama ni nani, na baba ni nani? Asiyeweza kujibu la pili anakuuzia bahati nasibu.