Nyumba ya Ngano

Lugha yetu ina neno moja lenye maana mbili zisizofanana: ngano ni nafaka ile inayogeuka rangi ya dhahabu katika mashamba ya Njoro na Rongai mvua zinapokwisha, na ngano ni hadithi ya kale ambayo bibi huwasimulia wajukuu wake baada ya chakula cha usiku. Sijapata kuona kitu kinachozikutanisha maana hizo mbili juu ya meza moja kama kile kijumba cha biskuti za tangawizi ambacho, katika nyumba yetu hapa Nakuru, hujengwa na watoto kila mwaka katika juma la mwisho kabla ya Krismasi. Na kwa kuwa majirani wengi wameniuliza kijumba hicho ni kitu gani na hujengwaje, nimeona heri niyaandike niyajuayo, ili atakaye naye ajaribu.

Asili yake ni Ujerumani. Waokaji wa mji wa Nuremberg walikuwa mashuhuri tangu zamani kwa mikate yao ya asali na viungo, hata mwaka 1643 wakapata chama chao wenyewe, mbali na waokaji wa mikate ya kila siku. Kisha, mwaka 1812, ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, walichapisha mkusanyo wa ngano za kwao, na mojawapo ni ile ya Hänsel na Gretel, watoto wa maskini walioachwa msituni na wazazi wao wakati wa njaa, wakatangatanga hata wakaifikia nyumba iliyojengwa kwa mkate, paa lake keki na madirisha yake sukari, kumbe mwenyewe ni ajuza mla watu. Msomaji aliyelelewa kwa hadithi za mazimwi hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini tangawizi haitajwi katika nyumba ile ya ajuza. Vilivyomo ni mkate, keki na sukari tu. Na tangawizi yenyewe si mzawa wa Ujerumani: ni mmea wa Asia, uliosafirishwa na wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kiarabu katika bahari ile ile iliyoipeleka Unguja na Mombasa, tukaitia katika chai na kahawa. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba tunaazima kitu kigeni tupu. Sehemu yake moja tumekuwa nayo muda mrefu.

Wala kumshirikisha mtoto katika kukanda unga wa sikukuu si jambo geni kwetu. Sisi tuliokulia katika Bonde la Ufa siku zile ambapo unga wa ngano haukununuliwa ovyo, tunajua kwamba Krismasi maana yake ilikuwa chapati. Chapati ilikuja na Wahindi, wakiwemo wale walioletwa kuijenga reli kutoka Mombasa, kazi iliyoanza 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901. Baadaye ikawa yetu kabisa, hata hakuna anayeuliza ilitoka wapi. Mkesha wa sikukuu mama alikanda, nasi watoto tukakaa kumzunguka tukingoja fungu letu, donge dogo kuliko yai la kuku, tulifinyange tupendavyo: mtu, ng'ombe, gari moshi. Likishapita mikononi mwetu mara ishirini liligeuka rangi ya majivu, lakini mama hakulitupa. Alilichoma pembezoni mwa kikaango, tukalila kwa fahari kuliko chapati zote zilizokuwa zimepangwa ndani ya kitambaa.

Mkaazi wa Nakuru ana sababu nyingine ya kuuheshimu unga huo. Ngano ya Njoro haikuota kwa urahisi. Lord Delamere, mlowezi aliyeijaribu huko mwanzoni mwa karne ya ishirini, aliona mazao yake yakiangamizwa na kutu, ugonjwa unaolipaka shina vumbi la rangi ya chuma kilichooza na kuikausha punje kabla haijajaa. Alilazimika kutafuta mbegu za kuchanganya hata akapata zilizostahimili, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya Unga ya kusagia. Kituo cha kuzalisha mbegu kilianzishwa Njoro mwaka 1927, na hakijapoteza kazi yake. Aina mpya ya kutu ya shina ilipogunduliwa Uganda mwaka 1998, ikaitwa Ug99 na kuzitia hofu nchi nyingi zinazolima ngano, wataalamu walileta mbegu kutoka pande nyingi za dunia zipandwe Njoro, zijaribiwe pale pale penye adui. Si kila pakiti iliyoko dukani ni ya ngano ya hapa, kwani nchi yetu huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka ng'ambo. Lakini ukiweza, mpeleke mtoto nje ya mji kabla ya siku ya kujenga, akaone suke limesimama.

Sasa kazi yenyewe. Yeyusha pamoja siagi gramu 125, sukari ya kahawia gramu 150 na vijiko vinne vya chakula vya asali. Ile inayouzwa kando ya barabara ya kwenda Marigat, asali ya Baringo, ina harufu isiyo na mfano. Vikipoa tia yai moja, kisha nusu kilo ya unga wa ngano uliochanganywa na vijiko viwili vya chai vya tangawizi ya unga, kimoja cha mdalasini, karafuu kidogo iliyosagwa, na nusu kijiko cha soda ya kuokea. Usizidishe asali kwa kuifurahia, kwani asali huvuta unyevu wa hewani, na ukuta uliolainika hauchukui paa. Funika donge lipumzike saa moja, kisha lisukume kwa unene wa nusu sentimita, ulikate kwa vipande vya karatasi ngumu ulivyovipima mapema: kuta mbili za ubavuni, mbili zenye kilele, na mapande mawili ya paa. Oka dakika 12 hivi katika joto la digrii 180. Asiye na oveni asikate tamaa. Sufuria kubwa yenye mchanga safi chini, sinia juu yake, na mfuniko uliopaliwa makaa hufanya kazi ile ile kwa aliye na subira.

Simenti ni ute wa mayai mawili mabichi uliopigwa na gramu 400 za sukari ya aisingi na matone ya limau, hata usimame wenyewe. Uwe na kitambaa kibichi cha kuufunikia, na watoto wadogo wasiurambe. Simamisha kuta, uziegemeze kwenye mikebe, na paa lingoje hadi kesho yake. Hapa mji wetu unatusaidia: tuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya Disemba, vuli ikishakatika, ni kavu kiasi cha kuukausha ukuta kwa usiku mmoja, jambo ambalo ndugu zetu wa pwani hawalipati kwa wepesi.

Mapambo ni mamlaka ya watoto. Sina haja ya kuona theluji juu ya paa la mtoto wa Nakuru, ingawa sukari nyeupe humshawishi kila mtu. Mwaka jana wetu walijenga boma, wakazungusha ua wa njugu, wakafinyanga heroe kwa sukari iliyotiwa waridi na kuwasimamisha katika ziwa la sinia. Ukuta mmoja ulipinda. Binti wa miaka kumi na mmoja alitaka kuunyoosha, mdogo wake wa miaka minne akalia kwa kuwa ndiye aliyeusimamisha, na mimi niliamua ubaki ulivyo. Mzazi anayeirekebisha kila kona usiku, watoto wakiwa wamelala, amejenga nyumba yake mwenyewe.

Kuna masanduku yanayouzwa katika maduka makubwa, vipande vyote vimekwisha kuokwa na kukatwa. Siyasifu, kwa sababu yameondoa kukanda, kupima na kungoja, yakamwachia mtoto kupaka tu. Na bei ya moja hununua unga na sukari ya vijumba kadhaa. Kijumba chetu huvunjwa siku ya Mwaka Mpya, na vipande hupelekwa kwa majirani na wale waliokijenga, kila mmoja na sahani yake.

Shule zimefungwa, na Njoro wanavuna. Kata karatasi ya ukuta wa kwanza, kisha mpe mtoto makasi akate wa pili.