Mukulima analisha machimbo, nani anasaidia mukulima?

Ku machimbo ya Mongbwalu hakuna mutu anakula zahabu. Tunakula bugali ya muhogo, maharagi na samaki ya Ziwa Albert. Tangu mwisho wa 2017 vita ya Djugu imekimbiza wakulima wengi, na chakula kikikosa shambani, gramu ya muchimbaji inaishia sokoni.

Sheria za kusaidia mukulima ziko. Ku Maputo, mwaka 2003, wakubwa wa Afrika waliahidi kilimo asilimia 10 ya bajeti. Sheria yetu ya kilimo ya 24 Desemba 2011 inataka mfuko wa taifa wa kilimo, tena mbegu na mbolea ziingie inchini bila ushuru.

Lakini iko feza ya karibu zaidi. Sheria ya madini ya 2018 inasema: ku redevansi yenye makampuni yanalipa, asilimia 15 ni ya sheferi, sekta ao komine ya pale wanachimba, na ijenge vitu vya musingi vya watu wote. Barabara ya shamba nayo ni musaada: ikipitika, muhogo unafika sokoni mbele ya kuoza.

Basi ndugu, siku tukikutana na chefu, tumuulize kwa heshima: ile 15 iliingia ngapi, na imejenga nini?