Bilioni na Vipeo vya Kumi

Mfasiri akutanapo na neno bilioni hana budi kuuliza kwanza limetoka lugha gani. Katika Kifaransa ni 1 na sifuri 12. Katika Kiingereza cha leo ni 1 na sifuri 9, maana ambayo serikali ya Uingereza yenyewe iliikubali rasmi mwaka 1974 tu. Tafsiri yaweza basi kukosea mara elfu, na sarufi yake isiwe na kasoro.

Wanasayansi huuepa mtego huu kwa kuandika namba isiyopungua 1 wala kufika 10, kisha kuizidisha kwa kipeo cha kumi. Jua liko mbali nasi kadiri ya kilometa 150,000,000, yaani 1.5 × 10⁸: nukta imesogea kushoto hatua 8. Kwa vitu vidogo kipeo huwa hasi. Chembe nyekundu ya damu ina kipenyo cha meta 0.000007 hivi, yaani 7 × 10⁻⁶. Twapendekeza isomwe "saba mara kumi kwa kipeo cha hasi sita".

Kipeo kisichanganywe na kipeuo. Kipeo cha pili cha 9 ni 81. Kipeuo chake cha pili ni 3. Wapiga chapa, kwa nia njema, huifuta ile u wakidhani ni kosa.