Moyo Unapokwenda Mrama

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, kwa mpango. Lakini yako maradhi ambayo vyumba vya juu vya moyo hutetemeka ovyo badala ya kusukuma damu. Mgonjwa huchoka kwa kupanda ngazi chache tu, na damu iliyotuama yaweza kuganda, ikafika ubongoni na kuleta kiharusi.

Mwaka 1987, huko St. Louis, Marekani, daktari mpasuaji James Cox alikata na kushona kuta za vyumba hivyo, ili makovu yazibe njia za umeme uliopotea. Siku hizi makovu hayo mara nyingi hufanywa kwa joto au baridi kali, hata kwa mrija mwembamba upitishwao katika mshipa wa pajani, bila kupasua kifua.

Si wote wanaopona kabisa. Wengine huendelea kumeza dawa. Lakini kipimo cha tiba hii si mchoro wa mashine peke yake. Ni mtu kwenda sokoni na kurudi bila kusimama njiani akitafuta pumzi. Basi, ukisikia moyo unapiga ovyo, usingoje. Nenda ukapimwe.